Presha: neno moja, mambo mawili

"Dada, usinipe presha bwana." Hilo utalisikia soko la Memorial, Moshi, mteja akiomba kupunguziwa bei kwa mara ya nne. Meza ya pili, mama mwingine hajafungua belo la mitumba mpaka sasa. Anasema presha imempanda. Wanazungumzia kitu kimoja?

Ya kwanza ni hofu, hasira, haraka. Ya pili ni shinikizo la damu, yaani nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa. Kipimo kikisoma 140/90 au zaidi, na kikarudia hivyo siku nyingine, daktari ataiita presha ya juu. Nayo mara nyingi haina dalili. Kuna watu wapole, hawagombani hata na jirani, na presha wanayo.

Mbili hizi hukutana, hata hivyo. Ukishtuka, mwili hutoa adrenalini, homoni ya kukabili hatari. Moyo huenda mbio, mishipa hujibana, presha hupanda, kisha hushuka ukitulia. Ndiyo maana muuguzi makini hukukalisha dakika tano kabla ya kukupima na kukukataza kuongea.

Uchungu mkali hufika mbali zaidi. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ambayo chumba cha kushoto cha moyo hutuna sehemu ya chini na kushindwa kusukuma damu vizuri, mara nyingi baada ya mshtuko kama msiba. Wakaiita takotsubo, mtungi wa kutegea pweza, kwa vile moyo huo hufanana na mtungi huo. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na wengi hupona. Kumbe wazee waliosema fulani kafa kwa kihoro hawakuwa wakitunga.

Ila kihoro ni cha nadra. Mimi nahofia zaidi presha isiyopata nafasi ya kushuka. Uchunguzi ulioanza London mwaka 1967 ulifuatilia wanaume watumishi wa serikali, wote wenye ajira na mshahara. Wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo takriban mara tatu kuliko wakubwa wao, na sigara, presha na lehemu (mafuta kwenye damu) zilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Kama ngazi ya kazi ina uzito huo kwa mwenye mshahara, mfikirie mwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa. Marejesho ni kila Ijumaa, mvua inyeshe isinyeshe. Usingizi ni wa kuibia. Jioni ni chipsi za chumvi kwa sababu hakuna wa kupika. Akienda kliniki, meza imefungwa siku nzima.

Mama wa belo alikwenda kupima duka la dawa mchana huo. 152/96. Akaambiwa aende hospitali akapimwe tena. Akakunja karatasi, akaichomeka kwenye daftari la marejesho, akafunga kibegi kiunoni.

"Jumamosi," akasema. "Hii Ijumaa ipite kwanza."