YWCA na ubaguzi wa rangi: yasemwayo na yalivyo

Dhana: YWCA (chama cha Kikristo cha wanawake vijana) ni idara ya wanawake ya YMCA (chama cha Kikristo cha wanaume vijana).

Hapana. Majina yanakaribiana, lakini ni vyama viwili, kila kimoja na uongozi wake. YWCA ilianzia London mwaka 1855. Marekani, wanawake wa New York walianza mwaka 1858.

Dhana: Suala la ubaguzi wa rangi wamelidandia juzijuzi.

Mkutano mkuu wa YWCA ya Marekani ulipitisha tamko la kuwajumuisha watu wa rangi zote mwaka 1946, miaka 8 kabla Mahakama ya Juu haijaharamisha ubaguzi katika shule za umma.

Dhana: Basi chama kilikuwa safi tangu mwanzo.

Hii husemwa na wanaokipenda, nami ndiyo inayonikera zaidi, maana inafuta jasho la wanawake Weusi. Tawi lao la kwanza lilifunguliwa Dayton, Ohio, mwaka 1889, na kwa miongo mingi walibaki na matawi yao kando, chini ya uongozi wa Wazungu. Tamko la 1946 walilidai wenyewe, mwaka baada ya mwaka. Hata baada ya hapo, mkahawa wa YWCA mjini Atlanta haukuwapokea Weusi hadi 1960. Ndiyo sababu mwaka 1970 mkutano mkuu ulilazimika kuazimia upya kutokomeza ubaguzi wa rangi popote ulipo.

Dhana: Kumwinua mwanamke ni jambo moja, ubaguzi wa rangi ni jingine.

Twende Bronx na Brooklyn, jijini New York, miaka ya 1930. Wanawake Weusi wamesimama kwenye kona za barabara wakisubiri vibarua vya usafi. Mama wa Kizungu anapita na gari polepole, anawatazama, anachagua mmoja. Ujira ni kama senti 15 kwa saa. Wenyeji waliziita kona hizo "soko la watumwa". Je, mwanamke yule alipunjwa kwa sababu ni mwanamke, au kwa sababu ni Mweusi? Mimi siwezi kuyatenganisha.

Dorothy Height, aliyeanza kazi YWCA ya Harlem, humo humo New York, mwaka 1937, alilipeleka suala hilo hadharani akiwa bado kijana. Baadaye, kuanzia 1965 hadi 1977, aliongoza ofisi ya haki ya rangi ya YWCA, huku miaka yote hiyo akiwa pia rais wa Baraza la Taifa la Wanawake Weusi.