Kitonga haifungwi na lori bovu

Lori likikata shafti kwenye kona ya mlima Kitonga, Iringa, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, barabara bado haijafungwa. Upande mmoja umebaki, na unatosha kupitisha magari kwa zamu. Kinachoifunga ni kutanua. Basi la kwanza linachomoka kwenye foleni, Noah inalifuata, na hiace nayo haitaki kuachwa. Muda si mrefu wanaopanda na wanaoshuka wametazamana uso kwa uso, na winchi ya kulivuta lori haina pa kupita. Siku moja nilishuka mlima kwa miguu na redio mkononi, nikimrudisha nyuma dereva mmoja mmoja. Kila mmoja aliniambia yeye amemfuata tu wa mbele.

Kwa hiyo nikipigiwa simu kuhusu Kitonga, siulizi lori limeharibika nini. Nauliza kama kuna mtu amesimama kulinda upande ulio wazi, na kama kuna mwingine kwenye mkia wa foleni.

Mkia ndio unaosahaulika. Utingo hutandaza matawi, na jambo hilo silidharau hata kidogo, ila huyaweka hatua kumi tu nyuma ya gari. Semi yenye tani 30 inayoteremka haisimami ndani ya hatua kumi. Isitoshe, foleni ikirefuka, matawi yanabaki palepale katikati ya magari yaliyosimama. Yanatakiwa yasogezwe nyuma kila foleni inaposogea, na yawe kabla ya kona, si baada yake.

Lori likishatolewa, watu hudhani kazi imeisha. Tuseme yanafika magari 5 kwa dakika na njia ilifungwa saa moja: 300 yanasubiri. Yakipita 15 kwa dakika, huku mengine 5 yakiendelea kufika, foleni inaisha kwa nusu saa. Lakini malori yaliyoshiba mzigo, yanayoanza mwendo mlimani, huenda yakapita 8 tu. Hapo ni saa moja na dakika 40. Wanaoshuka nao tunawaachia kwa mafungu, na nafasi kati ya malori, wakiwa kwenye gia ndogo, maana anayeshuka akikanyaga breki mlima mzima atazichemsha.

Likipinduka lori la mafuta, hesabu zote naweka kando. Kwanza ni kuwaondoa watu. Msamvu, Morogoro, kwenye barabara hii hii, Agosti 10, 2019, walikufa zaidi ya watu 100 baada ya kukimbilia kuchota petroli.

Foleni ya Nanenane, maonyesho ya wakulima ya Agosti, ni rahisi zaidi, tarehe inajulikana. Kwenye viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, daladala na bajaji zikishushia abiria juu ya lami, njia imekwisha. Kituo cha muda kiwekwe nje ya barabara kabla ya maonyesho kuanza. Na dereva wa lori anayetoka Dar aambiwe kuhusu foleni akiwa Igawa, mbali kabla ya Mbeya, si Uyole, mlangoni mwa jiji. Akifika Uyole hana tena la kuchagua. Akiambiwa Igawa anaweza kuegesha Chimala, akala wali wake, akasubiri jioni.