Je, wajua kwa nini habari ya kweli huweza kuwatia watu hofu ya chanjo kuliko uongo mtupu?

Mapema mwaka 2021, gazeti la Chicago Tribune lilitoa habari ya daktari mwenye afya njema aliyefariki wiki mbili baada ya kuchanjwa dhidi ya korona. Mamlaka za afya za Marekani, kilisema kichwa cha habari, zinachunguza chanzo. Hapo hakuna neno la uongo. Karibu watu milioni 55 walikiona kichwa hicho kwenye Facebook.

Uchambuzi uliochapishwa na jarida la Science mwaka 2024 ulipitia viungo zaidi ya 13,000 vya habari za chanjo vilivyozunguka Facebook katika miezi 3 ya kwanza ya mwaka 2021. Uzushi uliobandikwa alama ya onyo ulipata asilimia 0.3 tu ya kutazamwa kote. Habari zisizo na alama lakini zenye kutia shaka, zikiwemo nyingi za vyombo vya habari vinavyoheshimika, zilikadiriwa kupunguza nia ya watu kuchanjwa mara 46 zaidi ya uzushi ule.

Kinachokosekana kwenye habari za aina hii ni hesabu, basi tuipige. Chukua watu 1,000,000, na vifo 8 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, kiwango kilicho karibu na wastani wa dunia. Hivyo ni vifo 8,000 kwa mwaka, au takriban 307 kila siku 14, hata asipochanjwa mtu. Ukiwachanja wote leo, wapatao 300 watafariki ndani ya wiki mbili kwa moyo, kiharusi au ajali, na kila mmoja ataandikwa kuwa "amefariki baada ya kuchanjwa". Mchunguzi huuliza: je, wamezidi idadi iliyotarajiwa? Mwaka 2021 swali hilohilo ndilo lililofichua kwamba chanjo ya AstraZeneca, kwa nadra sana, husababisha damu kuganda. Madhara ya kweli yapo, na hujulikana kwa kuhesabu.

Mtandao hauhesabu hivyo. Mfumo unaochagua cha kukuonyesha hutazama maoni, kusambazwa, na muda uliotumia kusoma. Anayeandika kwa hasira "huu ni uzushi!" naye anaisukuma habari mbele. Kisha mtu anapiga picha ya skrini, tarehe inakatwa. Mwingine anaisimulia kwa ujumbe wa sauti, na "inachunguzwa" inageuka "imethibitishwa". WhatsApp huweka mishale miwili kwenye ujumbe uliokwisha kusambazwa mara 5 au zaidi mfululizo, na tangu Aprili 2020 ujumbe huo hutumwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati. Lakini ukinakili maneno na kuyabandika upya, mishale inapotea. Ndiyo maana kukosekana kwake si dalili ya usalama.

Samoa, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, ililipa gharama kubwa. Mwaka 2018 watoto wachanga wawili walifariki kwa sababu unga wa chanjo ya surua ulichanganywa na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji. Kosa lilikuwa la mchanganyiko, lakini kilichosikika ni kwamba chanjo inaua. Utoaji ukasitishwa kwa miezi, na waliochanjwa wakashuka hadi takriban asilimia 31, wakati surua huhitaji asilimia 95 ili isienee. Mlipuko wa mwaka 2019 uliua watu 83, wengi wao watoto wadogo.

Anayesahihisha uvumi hukosea zaidi pale anapouweka kwenye kichwa cha habari kisha akaukanusha chini. Jambo likirudiwa linazoeleka, na lililozoeleka huonekana kweli. Anza na ukweli, utaje uvumi mara moja tu, onyesha ulipopindishwa, kisha rudia ukweli. Na aliyeutuma usimkosoe mbele ya kundi zima. Mpigie simu, kwa kuwa mtu aliyeaibishwa hadharani hujikita kutetea alichosema.

Ukipokea picha ya skrini, andika kichwa chake neno kwa neno kwenye kisanduku cha kutafutia na uangalie tarehe ya habari asili. Tafuta pia kilichoandikwa baadaye kuhusu tukio lilelile. Mara nyingi matokeo ya uchunguzi yalishachapishwa, ila hakuna aliyeyasambaza.