Tazama Chavua Kwanza: Kuwatambua Nyuki wa Asili kwenye Maua ya Mpungate

Kila mipungate ya jangwa la Sonora, kusini mwa Arizona nchini Marekani, inapochanua, idara yetu hupokea picha za nyuki zikiambatana na maombi ya kuwaangamiza. Ifahamike kwamba nyuki wa asali si mwenyeji wa bara la Amerika. Aliletwa na walowezi wa Ulaya katika karne ya 17. Miongoni mwa nyuki wenyeji wanaotegemea maua haya, anayeonekana sana ni Diadasia, ambaye kwa umbo na rangi hukaribiana mno na nyuki wa asali, hivyo anayeamua kwa rangi peke yake atakosea.

Angalia miguu ya nyuma ya jike. Nyuki wa asali huilowesha chavua na kuishindilia mguuni ikawa donge linalong'aa, ilhali Diadasia huibeba ikiwa kavu, imetapakaa katika manyoya marefu, hata mguu mzima ukaonekana kama uliochovywa kwenye unga. Chavua ikiwa imeshikamana chini ya tumbo, yaelekea ni Lithurgopsis, nyuki mwingine mwenyeji, anayetoboa mbao kavu ili atage. Stameni za mpungate, yaani nyuzi za ua zinazobeba chavua, zikiguswa hujikunja kuelekea katikati na kumfunika nyuki, kwa hiyo subiri atoke ndipo upige picha.

Tunarudia tena: madume wanaozunguka chini chini juu ya ardhi tupu si kundi linalojiandaa kushambulia. Wanatafuta majike. Dume wa nyuki hana mwiba, na jike wa Diadasia huchimba shimo lake mwenyewe, bila mzinga wala akiba ya asali ya kulinda. Kuwapulizia dawa ni kuua wachavushaji wa mimea hiyo hiyo mnayoipenda.

Ndani ya hifadhi za taifa, ikiwemo Saguaro, ni marufuku kuchukua mdudu yeyote, hai au mfu, bila kibali cha maandishi cha mkuu wa hifadhi. Kibali hicho hupewa mwakilishi rasmi wa taasisi ya kisayansi au ya elimu inayotambulika, au wa chombo cha serikali, si mtu binafsi, hata awe na nia njema kiasi gani. Na sampuli zinazohifadhiwa sharti ziwe na lebo na namba za katalogi za mamlaka ya hifadhi. Anayekiuka anaweza kutozwa faini, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Picha za matumizi binafsi hazihitaji kibali: piga moja ya ubavuni inayoonyesha mguu wa nyuma, nyingine ya uso, na ya tatu ya ua lenyewe.