Mji unapomiliki maji na umeme wake: nani anaongoza, nani anaulizwa

Shirika la huduma la mji ni shirika linalowapa watu maji, umeme, gesi, mabasi au uzoaji wa taka, na mwenye mali ni mji wenyewe. Si serikali ya taifa, si mfanyabiashara. Mabomba ni ya mji, mita ni za mji, na deni likibaki ni la mji. Uongozi wa shirika kama hilo ni mpango mzima wa nani anaamua nini: nani anamweka mkurugenzi na nani anaweza kumtoa, nani anapanga bei, pesa inayobaki inaenda wapi, hesabu inasomwa mbele ya nani, na mama ambaye bomba lake limekauka wiki mbili anabisha mlango gani.

Sisi wa Lubumbashi dhana hii inatupita kwa urahisi kwa sababu hatujaiishi. Maji ya bomba yako chini ya Regideso, iliyoundwa mwaka 1939. Umeme uko chini ya SNEL, iliyoundwa mwaka 1970. Zote mbili ni za Serikali ya Kongo, na makao yao makuu yako Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Sheria ya tarehe 7 Julai 2008 ilifungua njia ya kuzigeuza kampuni za biashara, lakini mwenye hisa alibaki yule yule, Serikali. Meya wa Lubumbashi hamteui mkurugenzi wao, wala baraza la mji halipigi kura juu ya bei yao. Hata zamani mji haukuwa mwenye mali: bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, lililoanza kutoa umeme mwaka 1930, lilijengwa kwanza kwa ajili ya migodi na viwanda vya shaba.

Ndiyo maana mtu akitaja shirika la umma, kichwani tunaona Kinshasa. Lakini umma una ngazi: taifa, jimbo, mji, komine. Kifungu cha 3 cha Katiba ya mwaka 2006 kinaupa mji na komine haki ya kujiongoza na kusimamia mali, watu na fedha zao. Kifungu cha 48 kinamhakikishia kila mtu maji ya kunywa na umeme. Halafu zikaja sheria mbili kubwa: ile ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014, iliyoondoa ukiritimba wa SNEL, na ile ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015, iliyosogeza jukumu la huduma ya maji karibu na majimbo, miji na komine. Kisheria, basi, wazo la shirika la maji la mji si ndoto tena. Kinachohitaji kueleweka ni jinsi ya kuliongoza, maana hapo ndipo miji mingi duniani imefaulu au imeanguka.

Chukua kartie moja ya Katuba, komine ya hapa Lubumbashi. Kebo imeungua, avenyu tatu ziko gizani. Shefu wa avenyu anapita na daftari, parseli kwa parseli. Huyu anatoa pesa yote, huyu anatoa nusu, huyu anaomba angoje mwisho wa mwezi. Majina yanaandikwa kwa bike ya bluu, na mbele ya kila jina kiasi. Vijana wawili waaminifu wanatumwa kununua kebo, fundi anaitundika, umeme unarudi, watoto wanapiga kelele. Sasa, kebo ile ni ya nani? Waliochanga wanasema ni yetu. Lakini jina lililo katika daftari haliko katika kitabu cha hisa cha shirika lolote. Mwezi unaofuata familia mpya inahamia na kuomba kuunganishwa: nani anasema ndiyo, na akitoa pesa inawekwa wapi? Fundi akija kukata umeme kwa sababu ya deni la jirani mmoja, walionunua kebo wana neno gani? Daftari lile lina michango, lina mtunza pesa, lina mali inayoonekana kwa macho. Halina kanuni ya kuamua. Watu wana mali bila uongozi wake, na mali ya namna hiyo haikawii kupata mwenyewe mwingine.

Miji inayomiliki mashirika yake imejaribu kujibu maswali hayo kwa njia mbalimbali.

Njia ya kwanza ni kulifanya shirika kuwa idara ndani ya serikali ya mji. Seattle, Marekani, umeme wake unaongozwa hivyo tangu mwanzo wa karne ya 20: mkuu wa shirika yuko chini ya meya, na baraza la mji ndilo linalopitisha bei. Uzuri wake ni kwamba hakuna wa kujificha. Bei ikipanda, mkaaji anamjua mjumbe aliyenyoosha mkono. Ubaya wake ni kwamba mkurugenzi anaishi karibu mno na siasa, na pesa ya shirika inaweza kuchanganyika na ya mji mpaka hakuna anayejua maji yanagharimu kiasi gani.

Njia ya pili ni kuweka bodi katikati. Mji unabaki mwenye mali, lakini uamuzi wa kila siku unapita kwa watu wachache walioteuliwa. Los Angeles ina bodi ya watu 5 juu ya idara yake ya maji na umeme. Meya anawateua, baraza la mji linawathibitisha. Sacramento walikwenda mbali zaidi. Wapiga kura waliunda shirika lao la umeme mwaka 1923, kampuni binafsi iliyokuwa ikiuza umeme pale ikapambana nao mahakamani, na shirika likaanza kazi mwishoni mwa 1946 tu. Leo bodi yake ina watu 7, kila mmoja anachaguliwa na wakaaji wa eneo lake, kama mbunge, lakini kwa ajili ya umeme peke yake.

Njia ya tatu ni kampuni ya kawaida ya hisa, ila hisa zote ziko mkononi mwa mji. Johannesburg ina kampuni ya maji na kampuni ya umeme za namna hiyo. München, Ujerumani, nao ni vilevile. Kampuni inakopa, inasaini mikataba, inaajiri kwa jina lake, na mji unakaa kama mwenye hisa: unapitisha hesabu za mwaka na kuweka bodi. Njia hii inavutia sana, na kwa maoni yangu ndiyo inayohitaji macho makali zaidi. Siri ya biashara ikiingia, mkaaji anaweza kuambiwa kwamba hesabu za maji yake si jambo lake.

Medellín, Kolombia, ndiko mambo haya yanaonekana vizuri kuliko kokote ninakokujua. Shirika lao, EPM, lilianzishwa mwaka 1955 na ni mali ya mji asilimia 100. Limekua hadi kuhudumia watu nje ya mipaka ya Kolombia, na kila mwaka sehemu kubwa ya faida yake inaingia katika bajeti ya mji: shule, barabara, maktaba. Mwenyekiti wa bodi ni meya mwenyewe. Kwa miaka mingi mpango huo ulisifiwa. Kisha Agosti 2020 meya Daniel Quintero akatangaza hatua za kisheria dhidi ya wajenzi wa bwawa la Hidroituango, ambalo lilikuwa limeharibika vibaya wakati wa ujenzi. Uamuzi huo haukupitia kwa bodi. Wajumbe wanane, yaani wote isipokuwa meya, wakajiuzulu. Meya alikuwa na hoja: yeye anawakilisha mwenye mali. Wajumbe nao walikuwa na hoja: bodi isiyoulizwa katika jambo kubwa kama lile inakuwa pambo. Palikosekana mstari unaoeleweka wa kusema wapi mwenye mali anaishia na wapi bodi inaanzia. Shirika zuri, pesa nyingi, mafundi hodari, na bado ukosefu wa mstari huo uliwatikisa.

Kutoka hapo tuingie kwenye pesa, maana huko ndiko maneno mengi hukwama. Shirika la mji likipata ziada, kuna wanaoitaka watatu: mkaaji anayetaka bei ishuke, mji unaotaka kujaza bajeti, na bomba lenyewe linalozeeka chini ya ardhi bila kusema neno. Bila kanuni ya maandishi, bomba hushindwa kila mara. San Antonio, Texas, ambao mji wao uliununua mfumo wa umeme mwaka 1942, waliweka kikomo: mji unapata hadi asilimia 14 ya mapato ghafi ya shirika. Mtu anaweza kubishana kama ni nyingi au kidogo, lakini angalau anabishana juu ya namba iliyoandikwa. Pasipo na kikomo, kila mwenye mshahara wa kulipa mwezi wa 12 ataona sanduku la maji liko karibu.

Bei nayo ina mtego wake. Mwanasiasa anayekaribia uchaguzi ataizuia isipande hata kama pampu zinakufa. Mkurugenzi mvivu ataipandisha ili kufunika maji anayopoteza njiani. Kenya wamejaribu kuzuia yote mawili. Kampuni ya maji ya Nairobi, iliyoundwa mwaka 2003, ni mali ya mji, ambao sasa ni kaunti, lakini haiwezi kupanga bei kivyake: lazima ipitie kwa msimamizi wa taifa, WASREB, anayepima gharama na kusikiliza maoni ya watumiaji. Mwenye mali si yeye anayejipimia.

Kuhusu maji yanayopotea, Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, wana mfano ambao kila mshauri wa komine angeusoma. Mwaka 1993 shirika lao la maji lilikuwa halipati malipo kwa asilimia 72 ya maji yake: yalivuja, yaliibwa, au yalitumiwa na watu wasioguswa. Mkurugenzi Ek Sonn Chan akaweka mita, akawadai hata wakubwa na ofisi za serikali, na mwaka 1996 shirika likapewa uhuru wa kusimamia pesa na wafanyakazi wake. Miaka 15 baada ya kuanza kazi hiyo, upotevu ulikuwa karibu asilimia 6. Uhuru ule ulikuja pamoja na wajibu wa kuonyesha hesabu, na vitu hivyo viwili vilikwenda sambamba.

Na mkaaji wa kawaida anakaa wapi? Paris walipoacha mikataba na kampuni binafsi iishe na kurudisha maji mikononi mwa mji, tarehe 1 Januari 2010, waliweka katika bodi ya Eau de Paris si wajumbe wa baraza peke yao, bali pia wawakilishi wa wafanyakazi na wa mashirika ya watumiaji. Mji na shirika wanasaini mkataba wa malengo, na mwaka 2011 bei ya maji ilishuka kwa asilimia 8. Binafsi kiti hicho cha mtumiaji nakithamini kuliko uchaguzi wa mtindo wa Sacramento, kwa sababu anayekikalia ameletwa na jambo moja tu, fakitire ya maji.

Kongo yenyewe haiko mikono mitupu. Kinshasa na miji mingine kuna vyama vya watumiaji wa mitandao ya maji vinavyojulikana kama ASUREP. Kila kimoja kina foraji, tangi, mabomba ya kugawa na vioski vya kuuzia maji kwa bidoni. Mkutano mkuu wa watumiaji unachagua bodi, bodi inasimamia kikundi cha wafanyakazi wanaolipwa, na anayeshika pesa si anayeamua matumizi. Ni kidogo, kartie moja au mbili, lakini sehemu zote za uongozi zimo.

Kwa Lubumbashi, mnyororo wa kisheria unaanzia chini: wakaaji wanachagua washauri wa komine, washauri hao wanachagua baraza la mji, na baraza linamchagua meya. Kwa miaka mingi mameya waliteuliwa kutoka juu. Uchaguzi wa washauri wa komine ulifanyika tarehe 20 Desemba 2023, wa kwanza tangu Katiba ya 2006. Kwa hiyo mkaaji wa komine ya Kenya, Ruashi au Kampemba sasa anaweza kumwuliza mshauri wake kwa jina.

Siku mradi wa mtandao wa maji au wa umeme wa jua utakapoletwa katika komine kwa jina la umma, aombe statuti, yaani kanuni za shirika, kabla ya kuangalia picha za mabomba mapya. Asome kifungu cha mkurugenzi: anateuliwa na nani, kwa miaka mingapi, anaondolewa kwa sababu gani. Asome cha bei: nani anapendekeza, nani anapitisha, na kama kikao kiko wazi. Asome cha ziada: kiasi gani kinabaki kwa ajili ya mabomba kabla mji haujagusa. Asome cha deni: shirika likishindwa kulipa, mkopeshaji anamfuata nani. Na kama waliochanga kebo au bomba la kwanza hawatajwi popote, arudishe karatasi na kuomba waandikwe kabla mtu yeyote hajasaini.