Je, wajua kwa nini vituo vya mwendokasi vimewekwa katikati ya barabara?

Mgeni wa Dar es Salaam hachelewi kuuliza swali hili. Abiria wote wanatokea pembeni, kwenye nyumba, maduka na vichochoro. Kwa nini basi kituo cha mwendokasi, yale mabasi yaendayo haraka kwenye njia yao wenyewe, kijengwe katikati ya Barabara ya Morogoro, hata mtu alazimike kuvuka magari ili akifikie?

Jibu linaanzia huko huko pembeni. Simama Manzese saa kumi na moja jioni utazame upande wa kushoto wa barabara. Daladala imesimama nusu kituoni, nusu barabarani, konda ananadi safari. Nyuma yake bajaji inashusha mtu, bodaboda zimejipanga zikingoja wateja, mkokoteni wa magunia unajikokota, na gari dogo limepunguza mwendo likitafuta pa kukata kona kuingia mtaani. Mvua ikinyesha, mtaro hufurika na maji hutanda papo hapo. Basi likipewa njia yake upande huo, litapata rangi ya njia tu, njia yenyewe haitakuwepo. Katikati hakuna duka wala geti la nyumba, na hakuna anayekata kona isipokuwa kwenye makutano. Tena kituo kimoja kinahudumia wanaokwenda Kivukoni na wanaorudi Kimara.

Ndiyo maana milango mipana ya mabasi yale iko kulia, upande anaokaa dereva, tofauti na daladala. Tanzania magari hupita kushoto, kwa hiyo basi likiwa kwenye njia ya katikati, kituo kinakuwa mkono wake wa kulia.

Lakini kukaa katikati ni nusu tu ya siri. Nusu ya pili iko mlangoni, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi. Kinacholichelewesha basi la mjini si injini, ni kusimama. Kwenye basi la kawaida abiria wanapanda ngazi mmoja mmoja, mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi anatafuta pa kushika, mzee anasaidiwa mguu wa kwanza, na nauli inadaiwa humo humo ndani. Kwenye mwendokasi nauli inalipwa kituoni kabla hujapanda, na jukwaa la kituo limeinuliwa likalingana na sakafu ya basi. Hakuna ngazi. Milango kadhaa inafunguka kwa pamoja, wengine wakishuka, wengine wakipanda, na mwenye kiti cha magurudumu anaingia bila kubebwa. Basi refu la mita 18, lile lenye kiungo katikati, linabeba watu wapatao 150. Hebu fikiria watu hao wote wangelipa nauli wakiwa ngazini!

Vituoni njia imepanuliwa ili basi moja liweze kulipita jingine. Hapo ndipo basi la moja kwa moja linapopata nafasi ya kuruka vituo vidogo bila kukwama nyuma ya lile linalosimama kila mahali. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ilianza mfumo wake wa TransMilenio mwaka 2000, na njia za kupitana vituoni zimeuwezesha kubeba zaidi ya abiria 40,000 kwa saa kuelekea upande mmoja. Wanaotajwa sana kuwa wa kwanza ni Curitiba, Brazil, mwaka 1974, chini ya meya Jaime Lerner. Jiji hilo halikuwa na fedha za kuchimba treni ya chini ya ardhi, likaamua kuyapa mabasi heshima ya treni.

Ubaya wa katikati upo, na haufai kufichwa. Kila abiria ni lazima avuke. Pasipo na daraja la waenda kwa miguu wala taa, watu wanakimbia mbele ya magari, na bodaboda wanaojipenyeza kwenye njia ya mabasi wanahatarisha roho zao na za wengine. Makutano nayo huweza kula muda wote uliookolewa njiani. Ubungo ilikuwa hivyo kwa miaka mingi, hadi barabara za juu za Kijazi zilipofunguliwa mwaka 2021. Jangwani ni kisa kingine: karakana ya mabasi ilijengwa katika bonde la Mto Msimbazi, na mvua kubwa zikija, maji yanaifunga barabara na safari zinasitishwa.

Hata hivyo, njia nzuri isiyo na mabasi ya kutosha haimfikishi mtu kazini. Awamu ya kwanza ya mwendokasi wa Dar es Salaam, yenye kilomita 20.9, ilipangiwa mabasi 305. Huduma ilipoanza Mei 2016, yalikuwepo 140. Matokeo yake kila abiria wa Kimara anayajua: foleni ilihama kutoka barabarani ikaingia kituoni, na dakika zilizookolewa njiani zikaishia kwenye kusubiri. Awamu ya pili, ile ya Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, yenye kilomita 20.3, njia zake za zege zilikamilika kabla mabasi yake hayajafika, na watu wa Mbagala wakaendelea kubanana kwenye daladala, katika foleni ile ile iliyo kando ya njia hiyo mpya.