Utii kwa chifu wa Kiskoti ulikuwa na makaratasi yake

Watu wakiona filamu za Waskochi na zile sketi zao wanadhani ukoo ni damu tupu, yani wote wajukuu wa babu mmoja ndo maana wako tayari kumfia chifu. Kazi yangu ni kusoma hati za zamani za huko, na nawaambia damu ilikuwepo ila wengi walifungwa na mkataba.

Hati zenyewe zinaitwa manrent, za karne ya 15 na 16 zimebaki kama 800 hivi. Mtu anaapa atamtumikia bwana fulani, akisikia njama atamtonya, siri zake hatazitoa, akiitwa vitani anakuja na watu wake kupigana na yeyote yule isipokuwa mfalme. Bwana naye anaahidi kumlinda na kumsimamia kwenye kesi zake, na hapo kwenye kesi ndo penyewe, maana korti ya mfalme iko mbali na ndugu yako akiuawa unahitaji mkubwa wa kukudaia fidia. Wengi hawakujua kuandika, kwahiyo chini ya hati unakuta imeandikwa kabisa kwamba karani alimshika mkono akauongoza kwenye kalamu.

Milimani kulikuwa na kitu kinaitwa calp: ukifa, chifu anachukua mnyama wako bora kuliko wote, farasi au ng'ombe. Bunge la Waskochi lilipiga marufuku 1617, ila kabla ya hapo ukitaka kujua chifu wa mtu ni nani angalia calp yake inaenda wapi. Mwaka 1552 kuna akina MacGregor walimkana chifu wao waziwazi wakampa calp Campbell wa Glenorchy. Ukoo mwingine kabisa jamani! Na kwa akina Fraser kulikuwa na watu waliochukua jina la ukoo ili wapate unga, wakaitwa hivyohivyo, Fraser wa unga.

Baada ya vita vya Culloden, 1746, ambako jeshi la serikali liliwapiga waasi wengi wao wa koo za milimani, London ikaona dawa ni kukata mzizi wa nguvu za machifu. Mwaka 1747 Bunge likafuta umiliki wa ardhi kwa sharti la kwenda vitani, na mahakama za kurithi za mabwana nazo zikaondolewa, ila mabwana walilipwa, Duke wa Argyll peke yake alipewa pauni 21,000. Wale waliokuwa wanaitwa vitani hawakuwa kwenye hesabu.